Do Isiyohama

Bujumbura

Baba mpenzi,

Pokeeni salamu zangu, wewe na Mama. Kifua chako kimepoa, au bado unaongoza kwaya huku unakohoa? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Mama Asha, mwenye nyumba yangu hapa Buyenzi, hakubali kabisa kwamba mwanafunzi anaweza kushiba.

Baba, nusura niondolewe chuo kikuu. Sikukuandikia mapema kwa kuogopa kukuongezea kikohozi. Tuna somo la kusikiliza: mwalimu anapiga piano, sisi tunaandika noti tulizosikia. Anayeshindwa somo hilo hana nafasi tena katika muziki. Karatasi yangu ya kwanza ilirudi nyekundu tupu! Niliandika ulivyonifundisha: pale wimbo unapotulia, hapo ndipo do, ile ya do-re-mi, wimbo uwe juu, uwe chini. Kumbe hapa wanafuata Wabelgiji. Do ni noti moja tu ya piano na haihami.

Mwalimu, Mrundi aliyesoma Ulaya, akaniita.

"We mutoto, sikio yako iko muzuri sana. Lakini do yako inatembeya! Nani alikufundisha?"

"Baba yangu, kule Kalemie."

Akacheka. "Umushukuru. Kusikia alishakupa. Mi nitakufundisha majina tu."

Nilitoka nje nikafuta macho.

Tangu hapo nilifanya mazoezi kila jioni. Mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama Asha, ukiugonga, unatoa noti ya la safi kabisa. Nagonga, naimba la, kisha natafuta noti nyingine. "Samweli! Leo utakula iyo la, ugali apana!" ananifokea, na kesho yake ananiletea mfuniko mwenyewe.

Mtihani nimefaulu, Baba. Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu na Mama Asha, lakini wewe kwanza.

Nisalimie Shangazi Eliza na biashara yake ya dagaa, dada Furaha wa sauti ya kwanza, na mzee shemasi ambaye bado anaiita Kalemie kwa jina la Wabelgiji, Albertville.

Jambo moja tu linanitia hofu. Siku hizi nikisikia wimbo, kichwa kinataja noti za piano kabla sijaufurahia. Basi likizo nikirudi, nisimamishe kwayani na wanaume wa sauti ya tatu. Usinipe karatasi ya noti. Wewe imba do yako, popote utakapoiweka asubuhi hiyo, nami nitaifuata.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Samweli