Jina Lililomfuata Shija

Mayu, mama yangu, uliyekuwa pia mwalimu wangu,

Mwangaluka. Nakupa salamu ya asubuhi kwa sababu ni asubuhi ndipo unapokuja.

Kwa miaka kumi na miwili nimewaficha watu namna ulivyoondoka. Msibani nilisimama mbele ya ndugu na majirani zetu wa Bariadi nikasema ulikata roho mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu, kwamba uliniita na mimi nikaitika. Watu walilia. Haikuwa hivyo. Sasa daktari amenieleza kwamba siku zangu ni chache, na nimemwomba binti yangu Kabula aisome barua hii mbele ya wote waliokuwepo siku ile. Lakini wewe uisikie kwanza.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza darasani kwako? Kabla ya jambo lolote uliita majina. Kila jina uliliita hadi mara tatu. Aliyesema "nipo" ulimpigia mstari kwenye rejista. Aliyekaa kimya mpaka mara ya tatu ulimchorea duara jekundu, na duara lako halikufutwa hata kama mtoto alitokea mlangoni anahema. Ulipofika kwangu nikajibu, "Nipo, mayu."

Mabula, mwanafunzi mwenzangu, akacheka. "Huyu bado ananyonya."

Ulimtazama yeye, kisha mimi. "Mayu amebaki nyumbani anasonga ugali," ulisema. "Hapa yupo mwalimu."

Mchana nikafika nyumbani, nikaukuta ugali mezani. Kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba mko wawili.

Saratani ilipotoka kwenye titi na kuingia mifupani, hospitali ya Mwanza walitupa dawa ya maumivu na kuturudisha. Tulikulaza kile chumba cha mbele tulichokuwa tukiwekea magunia ya pamba. Wiki ya pili, saa moja na nusu asubuhi, saa ile ile ya shule, ulianza kuita majina. Haikuwa sauti ya mgonjwa, ilikuwa sauti yako ya darasani.

"Mabula Ng'wandu."

Ulisubiri. Ukatabasamu kama mtu aliyejibiwa, na kidole chako kikapiga mstari kwenye blanketi.

Mimi na shangazi Minza tulitazamana. Mabula tulikuwa tumemzika kule Nassa miaka mingi nyuma. Kesho yake uliita mwingine, naye alikuwa marehemu. Ikawa hivyo kila siku, jina moja, tabasamu moja, mstari mmoja. Wote walikuwa wa darasa letu na wote walikuwa wameshakufa.

Kisha ukamwita Shija Limbu. Shija alikuwa mzima, analima pamba Lalago. Nilikuwa nimeongea naye kwa simu Jumapili, akanitania kwamba ualimu umenifanya nisahau kushika jembe. Ulimwita mara ya kwanza, kimya. Shangazi akashusha pumzi. Ulimwita mara ya pili, ukatabasamu, ukapiga mstari. Saa nne mwanawe akanipigia simu. Baba yake alikuwa ameanguka shambani asubuhi ile, hakuinuka.

Katika rejista yako, baada ya Shija nilikuwa nafuata mimi.

"Sitta," shangazi aliniambia, "kesho usiitike. Anayeitika anaondoka naye."

"Shangazi, hizo ni dawa tu zinamsemesha."

"Haya, itika basi, wewe uliyesoma."

Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nimewacheka wazazi wengi waliowafunga watoto wao hirizi. Nilimcheka na yeye.

Sasa mimi ndiye ninayelala chumba kile. Kila asubuhi saa moja na nusu naisikia rejista ikifunguliwa. Unaita, nao wanajibu, "Nipo, mwalimu," kwa sauti za watoto. Hata Shija, aliyekufa na mvi, anajibu kwa sauti ya mtoto. Baada ya Shija unafunga rejista. Mimi huniiti.

Juzi Kabula aliniletea uji akanikuta nimegeukia ukutani. "Baba, unaongea na nani?"

"Siongei. Nasikiliza."

Akaanza kunikung'utia blanketi, kisha akasita. "Hizi nyuzi za pamba zimetoka wapi?" Hatujalima pamba tangu ufe.

Zamani niliogopa kuitwa. Sasa naogopa kurukwa. Najua duara lako halifutwi, ila nakuomba, mayu, siyo kama mwanafunzi. Namwomba yule aliyebaki nyumbani. Fungua tena rejista, mwambie mwalimu nimefika, nimechelewa tu. Sikuagi, kwa sababu hata siku ile sikukuaga.

Asubuhi ile shangazi alikuwa amekwenda kisimani. Uliita, "Sitta Luhende." Ukasubiri, ukaita tena. Mara ya tatu hukutaja jina. Ulisema, "Mwanangu." Kisha kidole chako kikachora duara kwenye blanketi, polepole, na kilipofika mwisho hakikuinuka tena. Niliyaona hayo kupitia ufa. Sikuwa nimekushika mkono. Nilikuwa nyuma ya mlango, kiganja mdomoni, na nilisikia mara zote tatu.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Sitta