Tabasamu la Juma

Jumatatu, 7 Julai
Na kuhusu ndizi, nasema tena, hazikuwa mbichi. Nilizipika na samaki wa soko la Ggaba, kule ziwani, mpaka zikalainika. Juma kala vijiko viwili tu, eti taya limechoka. Wifi yangu Zaituni akacheka: "Bi harusi, mume umeshamchosha!" Nikaona aibu tamu. Siku ya kumi ya ndoa, na nikimwangalia bado moyo unaruka.

Jumanne, 8 Julai
Juma ananitabasamia tangu alfajiri. Nafagia, anatabasamu. Nafua, anatabasamu. Sijawahi kupendwa hivi. Nikamwambia nimepewa mume wa peponi. Akazidi kutabasamu.

Jumatano, 9 Julai
Hakuwa anatabasamu. Ni misuli ya uso iliyokaza.
Mchana mgongo wake ulipinda, akalia mdomo ukiwa umefungwa. Zaituni akatafuta gari. Hospitalini daktari akauliza kuhusu kidonda. Ule msumari! Aliukanyaga tulipokuwa tunafungua hema la harusi. Alimwagia mafuta ya taa, akasema bwana harusi haugui. Mimi nilicheka.
Pepopunda. Nilidhani ni ya watoto wachanga.
Jana nilimsifu mtu aliyekuwa anaumia. Najichukia.

Ijumaa, 11 Julai
Chumba cha giza. Hakuna kuongea, hakuna kumgusa. Nilinong'ona "mpenzi" tu, mwili wote ukanyanyuka kitandani. Nesi akanitoa.
Daktari alinieleza kwenye korido. Neva huzungumza kwa kumwaga kemikali, na kuna protini inayosaidia kuzimwaga. Sumu ya pepopunda huikata. Protini hiyo imeenea ubongo mzima, lakini sumu imeshika uti wa mgongo na shina la ubongo, kwenye neva zinazoiambia misuli ilegee.
Nikauliza: na mahali anaponikumbuka mimi?
Huko protini ipo, akasema, na sumu haijafika. Anasikia kila kitu. Anaelewa kila kitu.
Heri angekuwa haelewi.

Jumanne, 15 Julai
Wamemtoboa koo. Mashine inampumulia.
Niliingia pekupeku, bila bangili, bila neno. Akaniona mlangoni. Akakaza taya mpaka jino likavunjika.
Nesi, mama wa makamo, akanishika bega: "Mwanangu, huyu anakupenda vibaya. Kaa nje."

Jumapili, 20 Julai
Sumu ikishashika haitolewi. Inabidi neva zenyewe zijijenge upya, taratibu, kwa wiki nyingi. Daktari anasema labda.
Mama mkwe anaingia. Akiingia yeye, Juma hashtuki sana. Sina wivu. Naongopa, ninao.
Benchi langu liko upande wa pili wa ukuta wake. Nasikia mashine ikivuta na kushusha. Leo mwili wake haujakaza tangu asubuhi.
Sitaingia leo, wala kesho. Ila kabla mwezi huu haujaisha nitaingia nimwone, hata dakika moja, nami nitanyamaza.