Jina la Baba kwenye Mabehewa Madogo

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenipasua midomo. Goti lako linaendeleaje? Mama aliandika kwamba tangu malori yachukue mizigo na wewe upunguzwe kazini, hutaki kusikia habari za reli. Nisamehe basi, maana barua hii yote ni ya reli.

Mzee ninayemfanyia kazi za nyumbani ana wenzake wanaotengeneza reli ndogo za mezani, behewa zima linaenea kiganjani. Sasa wanaunda stesheni yetu ya Arusha, Mlima Meru ukiwa nyuma. Waliposikia natoka huko wakaniambia nichague mabehewa ya mizigo. Nikavimba kichwa. Nikachagua yaliyofungwa ya kahawa, yenye mbao zilizoachana ya ng'ombe, na matangi ya mafuta. Walitaka kuyapaka vumbi jekundu, nikakataa: vumbi letu ni la kijivu kama majivu. Hapo nilikuwa na hakika.

Kisha mmoja wao, mstaafu wa reli, akaniuliza, "Nani amekwambia matangi yafuatane na injini?"

Niliyaweka pale kwa sababu yanapendeza. Baba, nilidanganya. Nikasema, "Baba yangu. Amepanga mabehewa stesheni hiyo hiyo miaka ishirini na sita."

Wakafurahi mno, wakachonga kibao cha shaba: "Mabehewa yamepangwa kwa maelezo ya Mzee Kundaeli wa Arusha."

Juzi nilikuwa nasogeza chupa ya mafuta mbali na jiko, nikasimama nayo mkononi. Nilikumbuka siku niliyokuletea chakula stesheni, ukamfokea mwenzako: "We bwana! Mafuta na moto havilali kitanda kimoja. Weka behewa katikati!" Behewa gani, Baba? La kahawa? Tupu? Mangapi? Nilikuwa natazama ng'ombe, sikusikiliza. Wewe hukuwahi kukosea hata behewa moja, na mimi nakuaibisha mbele ya watu wasiokujua.

Leo asubuhi nimewaambia ukweli. Nilidhani watanifukuza. Yule mstaafu akasema, "Basi mwulize." Lakini pasipo jibu lako, kibao kitaondolewa.

Onyesho la reli yao ni baada ya miezi miwili. Barua inakwenda wiki tatu, na ya kurudi vilevile. Ukinikasirikia wiki moja tutawahi. Ukikasirika mwezi, tumekwisha.

Msalimie Mama, na dada yangu anayeuza vitenge pale sokoni. Shangazi wa Kikatiti mwambie sweta alilonifumia silivui.

Matangi nimeyaondoa. Nyuma ya injini wameacha nafasi tupu, na hakuna anayethubutu kuweka kitu hapo. Treni imesimama, Baba. Inakungoja wewe uipange.

Ni mimi binti yako mwenye mdomo mwepesi,
Eliaichi