Alama Nilizoweka Ukilala

Bolumbu, binti yangu,

Jumamosi wamenitangaza. Nina licence ya ualimu sasa, digrii ya chuo kikuu, tena na distinction, na ruhusa ya kufundisha mpaka sekondari. Mke wangu alinimwagia poda kichwani mpaka suti ya abacost niliyoazima ikawa nyeupe kama nimetoka kusaga muhogo. Wamama wa mtaa wetu wa Kabondo walipiga vigelegele. Nililia. Watu wakasema, Mwalimu analia kwa furaha, nami nikawaacha waseme hivyo.

Wewe haukujua hata kwamba nasoma. Nani angekuambia? Ulitoka kijijini kwenu Yanonge baada ya Noeli, ukaja mjini kukaa kwa tonton wako, ndugu ya baba yako, ukaingia darasa langu la tano na kukuta mwalimu mwenye hasira za karibu na suruali yenye mafuta ya cheni. Miaka mitano niliishi hivyo: asubuhi bendera na nyimbo za chama, kisha nyinyi zaidi ya hamsini mpaka mchana, halafu baiskeli mpaka chuo kikuu, jasho, benchi ya nyuma, profesa anaongea na mimi nasinzia. Ndiyo, mimi pia nilisinzia! Lakini mimi hakuna aliyenihesabu.

Mwaka wa mwisho walitaka ile kazi ya kuandika tunayoita mémoire. Yangu ilikuwa juu ya usikivu wa watoto darasani. Nilitafuta mtoto mmoja wa kumfuata kwa karibu, nikakuona wewe kwenye benchi ya tatu, kichwa juu ya mikono, umelala saa mbili asubuhi. Nikasema, huyu ndiye. Nikachora karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, na kila ulipolala niliweka alama.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu halijui. Nilikuwa nafurahi ukilala. Siku uliyokaa macho wazi mpaka mapumziko nilikasirika, kwa sababu karatasi ilibaki tupu. Rafiki yako Feza alikuwa anakufinya ili uamke. Nilimhamisha nyuma asiniharibie kazi. Nikakuita Mama Usingizi, darasa zima likacheka, na wewe ukacheka pia, polepole, ukijifuta mate. Maskini wee. Ulikuwa unajikuna mpaka damu, na mimi niliandika: hatulii. Mara moja tu ulinifuata wewe mwenyewe mezani. "Mwalimu, kichwa iko inaniuma sana." Nilikujibu ulale mapema.

Halafu tonton wako akaja shuleni, kofia mkononi. "Mwalimu, mutoto huyu analalaka hata na chakula mu kinywa. Nimupeleke dispansari?" Mtu ambaye hakupita darasa la pili ndiye aliyeuliza swali la maana. Bon, msomi akajibu nini? Nilimtolea Kifaransa. Nikamwambia ni manque de motivation, yaani hana hamu ya kusoma, mtoto wa mtoni hajazoea shule, akikosa masomo sasa ataharibika kabisa, amwache kwanza mpaka Pasaka. Unajua kwa nini Pasaka? Kwa sababu karatasi zangu zilikuwa zimebaki za majuma matano. Alinishukuru, tena akaniita profesa. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; mimi siku ile nilikuwa na upara.

Juma lile baada ya Pasaka ulianguka ukienda ubaoni. Nilikupakia kwenye baiskeli, Feza akikushika kwa nyuma usianguke, na tonton akatukuta mlangoni mwa hospitali, anahema. Muuguzi mmoja mzee alikuinamia. Aliweka vidole viwili nyuma ya shingo yako, kisha akaniangalia. "Hamukugusaka hapa?" Vinundu vilikuwa pale, vigumu kama maharagwe. Malale, ule ugonjwa wa usingizi. Kule kwenu kila mzee anaujua ugonjwa huo. Zamani wauguzi walipita kijiji kwa kijiji wakigusa watu shingo. Mimi mtoto wa mjini nilikutazama miezi mitatu na sikunyoosha mkono hata mara moja.

Daktari alisema ugonjwa umekwisha kuingia kichwani. Alisema kama ungeletwa wakati usingizi unaanza, ingekuwa habari nyingine. Alisema kwa Kifaransa. Tonton wako alinivuta mkono: "Anasema nini, Mwalimu?" Nikamwambia, anasema tuombe Mungu. Bolumbu, nilimwambia hivyo, na wewe ulikuwa unapumua pale katikati yetu. Majuma matatu, na ukatutoka.

Nilitaka kuchoma zile karatasi. Sikuchoma. Miaka mitano, mwanangu, miaka mitano ya kula wakiwa wamemaliza wote! Nikaandika mpaka mwisho. Humo ndani wewe ni "mtoto B". Jury, wale maprofesa wa kunipima, walisifu uvumilivu wangu wa kutazama. Mmoja akauliza, na huyu mtoto B amefikia wapi? Nikasema aliacha shule. Wakaandika points, tukapeana mikono.

Sasa kila asubuhi, bendera ikishapanda, nawashika watoto wote shingo mmoja mmoja kabla hawajaketi. Wanacheka, wanasema licence imemgeuza Mwalimu kichwa. Directeur ameniita mara mbili. Mtoto akipiga mwayo tu, chaki inaniponyoka. Nilidhani diploma ikifika nitapumua, lakini imelala kabatini chini ya mashuka na siwezi kufungua kabati hilo.

Jana tonton wako amekuja na samaki wa moshi kutoka kwa mama yako. Salamu zake ni hizi: "Kwa ule mwalimu hakufukuzaka mutoto yangu mu masomo." Na Septemba mama anamleta mdogo wako, anataka aingie kwangu, si kwa mwalimu mwingine. Nilipokea wale samaki. Mke wangu akapika, nikala. Nilikula, Bolumbu, wakanishuka vizuri tu, na hicho ndicho kinachoniogopesha.

Mara mbili nimeshuka beach, kwenye gati la mtoni, kutafuta mtumbwi wa Yanonge, na mara mbili nimerudi nyumbani nikisema nilienda kununua sabuni. Sina imani tena na moyo wangu. Wala sikuombi msamaha, maana mtoto mwenye adabu kama wewe angenisamehe haraka, na mimi sistahili kupona haraka. Hata lala salama siwezi kukuambia. Kaa vizuri huko uliko, binti yangu, na macho yako yawe wazi.

Jumanne kuna mtumbwi wa mota. Nakuahidi nitapanda. Nitamkuta mama yako, sitaketi, sitakunywa hata maji yake, na sitasema Kifaransa. Nitamwambia kwa lugha yenu, Kilokele changu kibovu: shemeji yako alitaka kumpeleka Bolumbu dispansari, mimi nikamkatalia. Baada ya hapo aamue mwenyewe kama mtoto wake wa pili atakaa mbele yangu.

Mwalimu wako wa darasa la tano