Mipungate Imemvuka Mama

Kasulu,
Kigoma.
19 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Hilali,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Wifi Kudra aliniambia siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti, nikaumia. Na yeye presha imeshuka? Huku sisi ni wazima. Shemeji yako Nurudini yuko dukani kama kawaida, na mvua imeanza kwa nguvu, hadi barabara ya Kabanga imekuwa uji.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno, wewe umeshalimaliza. Safari hii utanisoma mpaka mwisho. Ukikasirika, kasirika, mimi nimekasirika tangu mwezi jana.

Jambo lenyewe ni shamba letu la Nyakitonto na ile mipungate uliyopanda mpakani mwaka tisini na moja, kabla hujahamia Tanga. Wewe unaikumbuka ikiwa mstari mmoja wa vipande bapa vyenye miiba, virefu kufika magotini. Sasa inanipita kichwa. Mwezi wa tisa ilitoa maua ya manjano mpaka wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Ua likifunguka asubuhi, ukigusa vile vinyuzi vya ndani kwa kijiti vinajikunja vyenyewe, kama vina haya. Ni mazuri, sikatai. Lakini nimeyachukia.

Mmea ule si kama minyaa ya watu wengine, inayokaa pale ulipoichomeka. Kipande kikianguka, kinaota. Mwaka juzi niliacha kimoja juu ya bati la choo, miezi mitatu bila tone la maji, kikatoa mizizi hewani! Bondeni kwenye migomba hakiwezi, kinaoza. Kinachopenda ni jua na changarawe, na mteremko wetu wote ni changarawe.

Jirani yetu Niyibizi yuko upande wa juu. Kila mwaka akiandaa shamba la maharage hufyeka mipungate iliyomwelekea, na vipande huvitupa upande wetu. Hana nia mbaya, anatupa tu, na mteremko unamalizia kazi. Kule kwake ile ya zamani inakufa, huku kwetu michanga inaota. Mpaka wako, kaka, unatembea. Unashuka polepole kila masika, na mimi nimeuangalia ukishuka kwa macho yangu.

Usiniulize kwa nini sikuukata. Nilikuomba ruhusa mara ngapi? Kila nikipiga unanijibu, "Usiguse, mpaka ni mpaka." Nikakutii kama mjinga.

Tulipomzika mama, kaburi lilikuwa hatua kumi na moja ndani ya shamba letu. Nilizihesabu mwenyewe siku ile, maana nilitaka kupanda mwasumini kati ya kaburi na mipungate. Halafu tukampangia mawe ili mvua isimbomoe. Hakuna mahali mipungate imepapenda kama pale kwenye mawe. Iliota pembeni yake, ikamzunguka, ikampita. Leo mama yuko ng'ambo ya uzio, hatua tatu kwa Niyibizi.

Hata hivyo sikuwa na wasiwasi, maana wewe uliyeipanda uko hai. Mwezi jana wakaja wapimaji wa hati za kimila. Mwenyekiti wa kitongoji akakupigia mbele ya mkutano, simu akaiweka sauti kubwa. Akakuuliza mpaka ni upi. Na wewe, kwa sauti ile ya kujiamini, ukasema, "Mpaka ni mipungate. Niliipanda kwa mikono yangu miwili, asiyeamini anifuate Tanga." Watu wakapiga makofi. Mimi nimenyoosha mkono juu, mwenyekiti ananiambia, "Keti mama, kaka yako ameshamaliza."

Umesema kweli tupu, na kweli yako imetumaliza. Hukuniuliza kwanza. Hujakanyaga lile shamba miaka kumi na saba, lakini swali lilipokuja ulikuwa na jibu tayari. Ndivyo ulivyo tangu utoto, na tabia hiyo nimechoka nayo.

Vigingi vya saruji vitawekwa tarehe 12 Desemba. Nimekwenda kwa mwenyekiti mara tatu. Anasema maneno yako yameshaandikwa, na anayeweza kuyafuta ni wewe mwenyewe, ukisimama pale kwa miguu yako uonyeshe ulianzia wapi na kuishia wapi. Simu hawaitaki tena.

Juzi Niyibizi alikuja nyumbani na kofia mkononi. "Mwakeye, mama," akanisalimia. "Mimi na mama yenu hatuna ubaya, nilimzika pamoja nanyi. Ila siwezi kulima maharage juu yake, roho inakataa. Kama mtamhamisha, nitachimba mimi mwenyewe." Angekuja kwa matusi ningejua la kumjibu. Nilimkaribisha chai, nikaingia ndani nikalia. Shehe ameniambia maiti hasumbuliwi bila dharura. Sasa kiburi cha kaka yangu ni dharura?

Njoo, Hilali. Najua goti, najua safari ni ndefu, na najua hakuna kitakachokuuma kama kusema mbele ya watu wale wale kwamba ulikosea. Sema hivyo hivyo ukiwa umeumia. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote.

Nisalimie sana wifi Kudra, na wanangu Omary na Khatibu. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akulainishie moyo kabla ya tarehe hiyo. Ijumaa hii nitakwenda kumsomea mama Yasini, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, itabidi nibishe hodi kwa Niyibizi.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Mwanaheri