Sahani chini ya kitanda

Jumanne, 14 Agosti 1956

Ugali wa Wekesa, mgonjwa wangu wa kisukari, nimeukuta chini ya kitanda chake wodini, haujaguswa. Nami nilikuwa nimeshamdunga insulini kabla ya chakula, kama kawaida; asipokula baada yake, sukari mwilini hushuka hadi kumuua.

Mama mkwe wake alifika kutoka Ndabibi sahani zikigawanywa. Kwao mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Wekesa akaificha sahani, akaendelea kuongea naye kwa adabu mpaka jasho likamtoka na maneno yakamchanganyikia. Mama mkwe akadhani ni malaria. Nilimnywesha maji ya sukari, akarudiwa na akili.

"Ungeniita, bwana! Ungekufa."

"Afadhali nife, daktari, kuliko anione nikitafuna."

Nikamwambia kesho nitazungusha pazia.

"Na masikio yake utayafunika kwa kitu gani?"

Usingizi hauji. Mama atarudi kesho saa ile ile, na siwezi kumfukuza. Sindano nayo haiwezi kurukwa. Na sijui ni nani mwingine wodini anayeficha sahani.

Labda uji mzito wenye sukari, kwenye kikombe cha dawa. Nitamwambia mama ni dawa. Dawa Wekesa atainywa mbele ya yeyote.

Wala sitakuwa nimedanganya.