Pumzi ya Mashine ya Lebo

Baba,

Mashine yako imekuwa ikipuliza lebo hewani, bila chupa mbele yake. Ilianza wiki ileile tuliyorudi kutoka kukuzika kisiwani Chovae. Nilikuwa nimeshika nafasi yako pale kwenye kiwanda cha maji, mkanda wa chupa ukiwa mtupu, mara nikasikia: pff. Lebo ikaniganda kifuani. Nikaruka nyuma kwa hofu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponileta Kismayu kazini? Ulinionyesha jinsi inavyoinyonya lebo na kuishikilia kwenye vile vitundu, hadi jicho lake lione chupa, ndipo iipulize bila kuigusa. Ukanivuta mkono ukauweka mbele. "Sikiza, mwanangu. Mchu wa kazi hii aijue pumzi ya mashine." Ulisema mchu, si mtu, kama wasemavyo kwetu Chovae. Bado namwaga maji ya kompresa, ile pampu ya hewa yake, kila asubuhi, maana hewa yetu hii ya chumvi haina huruma.

Lakini lebo ziliendelea kuruka ovyo. Ziliganda ukutani, sakafuni, hata kwenye kiti chako. Mwanaesha, yule mpanga chupa uliyekuwa ukimtania, akasema juu yako, "Yule mchu yupo hapa," akagoma kusimama karibu. Wenzake wakamfuata. Tajiri wa kiwanda akafukiza ubani, akaleta walimu wa Kurani wakasoma. Siku ile mashine ikapuliza katikati ya dua. Tajiri akaapa kuiuza, turudi kubandika kwa mkono, chupa chache kwa siku, na wengi wetu twende nyumbani.

Mimi sikuogopa tena, Baba. Nilikuwa nikiwahi kazini ili nikae nawe.

Jana, kwa hofu ya kuikosa mashine yenyewe, nikakaa nikaitazama. Mama alipogawa nguo zako sadaka, kile kikoi chako cha kazini nilikataa kukitoa. Nilikitundika msumarini nyuma ya mashine, wiki ileile niliposhika kazi yako. Joto likizidi tunawasha feni, upepo unakirusha kikoi, ncha yake inapita mbele ya jicho. Mashine inadhani ni chupa. Basi, ni hivyo tu.

Nilikaa na kikoi mapajani hadi adhana ya alasiri. Kisha nikampa mlinzi wa lango, aliyekuwa mmoja wa waliokuosha. Leo kakivaa, kimemkaa vizuri.

Mashine imetulia. Chupa ikipita inapuliza, isipopita inanyamaza. Mwanaesha karudi mkandani na vicheko vyake, na tajiri haongei tena habari ya kuuza. Mimi peke yangu ndiye ninayesikiliza. Feni inazunguka, nasubiri, hakuna kitu. Siku ya mazishi sikulia, watu wakanisifu kwa subira. Nimelia leo, mbele ya mashine iliyopona.

Haya, Baba, pumzika. Mola akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nikipata boti nitakuja Chovae kukusomea. Na nakuahidi: sitatundika kitu tena mbele ya lile jicho, hata hamu nawe ikinizidi.

Mwanao,
Zena